Silikoni nzito: uipunguze kwa kiyeyushi gani?

Ndugu, umesema silikoni yako ya 10:1 (sehemu 10 za silikoni kwa 1 ya kigandishi chake) ni nzito mno kutandaza, na ulipoitia asetoni ikajitenga, ikawa kama maziwa. Kosa si lako, asetoni haiyeyushi silikoni. Ethanoli nayo ni hivyo hivyo. Tumia heksani au toluini. Heksani huchemka nyuzi 69, kwa hiyo hukauka upesi mno, na mimi imeniachia mikunjo pembeni mara nyingi. Toluini (nyuzi 111) hukupa muda, ila iache ivukize yote kabla ya kuingiza oveni, la sivyo utapata mapovu. Anza na uzito sawa wa silikoni na kiyeyushi.

Zote hushika moto, na heksani huharibu neva. Glavu za nitrili (aina ya mpira) toluini huzipenya haraka. Kama hamna kabati la kufyonza mvuke, usianze. Muone kwanza msimamizi wa maabara.