Kabla ya gundi, kausha

Wewe unayeanza kazi kliniki ya macho hapa Nairobi, siku moja utaletewa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, iliyotobolewa na virusi vya hapesi. Wa kwanza wangu alikuwa mama kutoka Githurai, leso usoni. Kwa wiki kadhaa alikuwa ametumia matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, aliyouziwa dukani bila cheti. Hapesi ikipewa steroidi bila dawa ya virusi, kidonda hutanuka na konea huweza kuyeyuka.

Kabla ya kutia ganzi, gusa konea kwa uzi wa pamba. Hapesi hufisha hisia. Ndiyo sababu mgonjwa anaweza kuja na tundu huku analalamikia machozi tu.

Tundu lake lilikuwa chini ya milimita 2, na hapo gundi ya kuliziba hufaa. Likipita milimita 3 hivi, anza kufikiria kupandikiza konea.

Niliweka gundi mara mbili, ikabanduka mara mbili. Gundi yenyewe, sayanoakrileti, huganda ikikutana na unyevu, na maji ya jicho yalikuwa yakichuruzika tunduni, basi ikaganda juu juu bila kushika. Sista aliyekuwa kando yangu akasema taratibu, "Daktari, kausha kwanza." Nimeshika neno hilo mpaka leo. Kwangua epitheli, yaani ngozi nyembamba ya juu ya konea, na tishu iliyokufa kuzunguka tundu, gusisha sponji yenye ncha mpaka konea iache kung'aa, kisha papo hapo, kwa ncha ya sindano nyembamba, weka tone dogo kuliko lile unaloona linatosha. Tone kubwa huwa kibonge, kope hulikwaruza na kuling'oa. Subiri dakika chache, pima kwa fluoresini, rangi inayoonyesha uvujaji, kama bado panavuja, halafu vika lenzi laini ya kulinda. Juu yake weka kinga ngumu. Usikandamize jicho kwa pamba.

Gundi haiui virusi. Mpe asiklovia ya vidonge, kwa kawaida miligramu 400 mara 5 kwa siku, ukiangalia figo zake. Na usiibandue gundi: hukaa wiki hata miezi, kisha hudondoka yenyewe konea ikishapona chini yake.

Muulize nauli ya kurudi kesho anayo? Mama yule alirudi, chemba ya mbele, nafasi ya maji nyuma ya konea, imejaa tena. Nikamwandikia kwenye kadi jina la yale matone, kwamba asiuziwe tena bila idhini ya daktari wa macho, aionyeshe dukani.