Jibu: Mbuzi wenye mimba na chanjo ya virusi hai

Waalaykum salaam, kaka yangu wa Wete. Umeuliza kama mbuzi wako watatupa mimba wakichanjwa sotoka ya mbuzi na kondoo (PPR), maana umesikia chanjo yenyewe ni ya virusi hai. Wachanje bila hofu. Chanjo ya sotoka hiyo, aina ya Nigeria 75/1, virusi vyake vimedhoofishwa na havidhuru mimba, iwe changa au pevu. Sindano moja humkinga mbuzi miaka 3 na zaidi.

Chanjo ya kuogopa ni nyengine: ile ya zamani ya homa ya Bonde la Ufa, aina ya Smithburn, nayo pia ni virusi hai. Hiyo huharibu mimba na kuzalisha watoto wenye vilema. Usikubali kabisa! Mwambie daktari akuonyeshe kichupa kabla hajavuta dawa.

Kinachoniuma mimi ni ukamataji wetu. Mbuzi ana tumbo la miezi minne, anafukuzwa banda zima, anaangushwa, mtu anamkandamiza goti ubavuni. Akitupa kesho yake, sindano ndiyo inayolaumiwa. Mshikeni akiwa amesimama, asubuhi jua halijawa kali. Na dawa ikishachanganywa ikae kwenye barafu, imalizwe upesi. Ikipata joto virusi hufa, mbuzi anabaki bila kinga.