Gego la utoto: kuziba au kung'oa?

SWALI: Mwanangu ana miaka 5. Gego lake la chini limetoboka na linamuuma akila ubuyu. Bibi yake anasema ling'olewe, litaota jengine. Nifanyeje? – Mama, Wete

JIBU: Usiharakie kung'oa, mama. Meno ya mbele hung'oka kwenye miaka 6 au 7, lakini magego ya utoto hukaa mpaka 10 hadi 12. Likitolewa sasa, gego la ukubwani linaloota nyuma kwenye miaka 6 huweza kusogea mbele na kuziba nafasi, jino jipya likaota upande.

Maumivu ya kitu kitamu yakipoa mara moja, kwa kawaida kiini (sehemu hai ya ndani ya jino, yenye mishipa) bado kizima, daktari ataliziba. Likimwamsha usiku, huenda kiini kimeshaoza: hutibiwa na kuvikwa kofia ya kulifunika, au hung'olewa na kuwekewa kishikio cha nafasi, kifaa cha kuzuia meno ya jirani yasisogee. Ufizi ukitoa kijipu, au shavu likivimba, mpeleke siku hiyo hiyo! Antibayotiki peke yake huutuliza uvimbe tu, kisha hurudi.

Usiku mpige mswaki wewe mwenyewe, dawa yenye floridi kiasi cha punje ya mbaazi. Ateme, asisukutue.