Mdogo wako anachana na anataka nauli ya Dar? Soma hii kwanza

Mkuu, umeuliza kama umpe mdogo wako nauli ya kwenda Dar kutafuta lebo, yaani kampuni ya muziki ya kumsimamia. Umesema yuko Nyakato, kamaliza kidato cha nne, anachana (anarap) vizuri, na anaamini akibaki Mwanza hakuna atakayemsikia. Wadau wengi wamekujibu mpe aende akapambane, na wamemtaja Fid Q, mchanaji mkongwe wa kutoka Mwanza, kama ushahidi kwamba mtoto wa Rock City, yaani Mwanza, hatoki mpaka aihame. Mimi nina studio ndogo Mabatini, na nimemshuhudia mchanaji mmoja tangu hajaota ndevu hadi leo anapolipa kodi ya nyumba kwa muziki, bila lebo. Jina lake sitaliandika. Sisi tulimwita Dogo, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Jibu langu ni kwamba mdogo wako ashike kwanza watu wa ziwa hili la Victoria. Dar itakuja yenyewe.

Dogo ni mtoto wa Kirumba, mama yake anauza dagaa Mwaloni, soko la samaki la pale. Aliyewahi kuingia Mwaloni asubuhi anazijua kelele za pale: wachukuzi wanapita na magunia kichwani wakipiga mayowe upishe, malori yanapakia dagaa wa kwenda Kongo na Burundi, madalali wananadi. Dogo husema kuchana alijifunzia kwa madalali, na ukimsikiliza unaamini. Dalali hana nafasi ya kuvuta pumzi ovyo. Anataja bei, anamjibu anayebisha, anamtania mama anayepita, anarudi kwenye bei ile ile, na maneno hayajakatika. Huyu mtoto alikuwa na pumzi na kasi kabla hajaandika beti hata moja.

Shule yake ya pili ilikuwa Kisesa kwa babu yake. Likizo ya Juni alipelekwa huko, na Juni ndiyo Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma pale Bujora, Wagika na Wagalu wanaposhindana kwa ngoma. Kwa asiyejua, haya ni makundi makubwa mawili ya wachezaji ngoma wa Kisukuma, na upinzani wao unaanzia kwa waanzilishi wao, Ngika na Gumha, waganga waliotaka ijulikane nani ana dawa kali zaidi ya kuvuta watu. Mashindano yenyewe raha yake ni kwamba makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watazamaji wanahama kwa miguu yao. Aliyejaza watu ndiye mshindi. Ndiyo maana wengine huja na chatu, wengine na sanamu za mbao, kila mtu anatafuta kitu cha kuwafanya watu wa upande wa pili wageuze shingo. Dogo aliyabeba haya yote hadi jukwaani. Mpaka leo akiona kundi limesimama kando kule kwa wachoma mishikaki, anawachania wao. Waliokwisha kusogea mbele anajua hawaendi popote.

Alikuja kwangu akiwa amemaliza shule, matokeo hayakuwa mazuri, asubuhi anabeba mizigo sokoni. Chumba changu wakati ule kilizibwa kwa magodoro na mablanketi, kipaza sauti kimoja, kompyuta ya mtumba. Jirani ni fundi wa kuchomelea mageti, kwa hiyo tulirekodi baada ya yeye kufunga. Mvua ikinyesha, bati linapiga kuliko biti (mapigo ya wimbo), mnakaa tu mnasubiri. Usiku mmoja wa masika tulisubiri hivyo, Dogo amekaa chini na daftari lake, nikamwona anaanza kufuta. Alikuwa amekuja na wimbo wa magari na mikufu ya dhahabu, na Kiswahili chenyewe anakivuta kwa lafudhi ya Kimarekani. Mvua ilipokatika akaniomba nirudishe biti mwanzo, akaingia na mstari huu: "Mama kaanika dagaa, jua nalo limemwanika mama." Nilisimamisha nikamwambia aurudie, nilitaka kuusikia tena. Kutoka hapo akaeleza mvua ya ghafla inavyowakuta dagaa wametandazwa mchangani, wanaoza, na mtaji wa mkopo unaoza nao. Wimbo ule tuliumaliza usiku ule ule, na sauti yake ya kweli, ile anayoongelea na mama yake, ndiyo aliyorekodi nayo mpaka leo.

Halafu tukaingia kwenye tatizo la mdogo wako: nani atausikia?

Hapa nataka niwe mkweli kuhusu mfano wa Fid Q, maana namheshimu sana. Wakati anatoka yeye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, muziki ulikuwa kanda na CD, na wasambazaji wake walikuwa Dar. Usingeweza kuwakwepa. Leo wimbo haupandi lori. Redio nazo, Mwanza haijawahi kupungukiwa. Radio Free Africa ilianzia hapa hapa na imesikika mbali kabla hata baadhi yetu hatujamiliki simu. Lakini redio si mlango wa kila mtu. Kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja, mtangazaji alipokea flashi ya Dogo, akatabasamu, akauliza hela ya soda iko wapi. Hakuwa nayo, na wimbo haukupigwa.

Kilichomtoa ni vibanda. Nasema vile vibanda vya kuchaji simu na kuingiza nyimbo. Ukishatoka mjini, watu wengi hawasikilizi muziki kwa bando. Mvuvi, mchimbaji, dereva wa bodaboda anapeleka memori kadi kibandani, anajaziwa nyimbo kwa hela kidogo, na nyimbo hizo zinakaa kwenye sabufa na redio ya pikipiki kwa miezi. Mwenye kibanda ndiye anayeamua kijiji kizima kitasikiliza nini. Dogo akawa anawafuata mmoja mmoja, Igoma, Magu, Sengerema, anakaa nao, anachana pale pale mbele ya wateja, anawaachia wimbo bure. Kazi yangu ilikuwa faili. Jina la faili liwe jina lake na jina la wimbo, na ndani yake nijaze picha na namba ya simu ya kumwalika. Wimbo ukishaanza kurushwa simu hadi simu, hilo ndilo tangazo pekee linalosafiri nao. Faili likiitwa "wimbo mpya 2" umeshapotea. Na kwa kuwa sabufa nyingi hazionyeshi jina la anayeimba, alijitaja ndani ya mistari minne ya kwanza ya kila wimbo.

Simu ya kwanza ya shoo ilitoka Ukerewe, kwa mwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea video na mpira. Tukaenda, watu wachache sana. Tukadhani wimbo haujafika. Mzee mmoja wa kambi ndiye aliyetufungua macho: mmekuja wakati wa giza. Dagaa wanavuliwa kwa taa, zamani karabai, sasa taa za sola, na taa inawavuta usiku ukiwa na giza. Mbalamwezi ikikomaa, mwanga wa taa hauwavuti tena, kambi zinapumzika siku kadhaa, nyavu zinashonwa, hesabu zinapigwa, watu wanalipwa. Ukiweka shoo wakati wa giza, wanaume wako majini usiku kucha. Ukiiweka mwezi mpevu, kambi nzima iko nchi kavu na hela mfukoni. Tuliporudi mwezi ulipokomaa, kile kibanda umiza hakikutosha, wakatoa mabenchi nje tukapiga shoo uwanjani, na watu waliimba mstari wa mama na dagaa kabla Dogo hajaumaliza. Wanawake walioanika dagaa mchana kutwa walikuwa mbele kabisa. Nimefanya muziki muda mrefu na sijaona kitu kilichonigusa kama kile.

Tangu hapo alipanga mwaka wake kwa kuangalia nani ana hela lini. Visiwani na kwenye mialo, mwezi mpevu. Kwimba, Magu, Maswa na Bariadi, pamba ikianza kununuliwa, kuanzia Mei hivi. Rwamgasa na Nyarugusu, Geita, kwa wachimbaji wa dhahabu, huko hakuna msimu, unasikiliza tu habari za mashimo yanayotoa. Na sasa ni rahisi zaidi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena foleni ya kivuko, unaweza kupiga shoo Sengerema ukarudi kulala kwako. Kwa hiyo mkuu, kama una nauli mkononi, mpe mdogo wako ya Nansio, mji wa Ukerewe, na kurudi. Aende siku moja au mbili kabla ya mwezi kukomaa, afikie mwaloni kwa wavuvi, achane, akurudishie jibu la waliomwomba namba.

Sasa upande wa makaratasi, ambao ndio unaowaua wengi. Kabla ya kunijua, Dogo alikuwa amechania biti ya bure ya YouTube. Ile "bure" mara nyingi ni ya kujifunzia. Aliyeitengeneza anaikodisha kwa watu kibao, na ukiuweka wimbo wako sokoni, mfumo wa YouTube wa kutambua sauti unaweza kusema mapigo ni ya mtu mwingine na hela ikaenda huko. Tukaamua kupiga ya kwetu. Nilibeba kinasa sauti hadi Kisesa, tukarekodi ngoma za bugobogobo, ngoma ya Kisukuma, za vijana wa pale, tukawalipa na kuandikiana. Mimi na yeye pia tuliandikiana: maneno yake, mapigo yangu, rekodi ni mali yake, utunzi tunagawana nusu kwa nusu. Karatasi moja ya kawaida, sahihi mbili, shahidi mmoja. Urafiki wetu umedumu kwa sababu ya ile karatasi, sioni haya kusema. Akajisajili BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), akaandikisha kazi zake COSOTA (ofisi ya hakimiliki), na shoo za wilayani akawa anapitia kwa afisa utamaduni mapema badala ya kukimbizana na askari siku ya tukio.

Mtandaoni tulitumia wasambazaji wanaotoza ada ya mwaka na kukuachia haki zako, nyimbo zikaingia Boomplay, Spotify na kwingine watu wanakosikilizia muziki mtandaoni. Mweleze mdogo wako mapema kwamba hela ya huko inachelewa. Tangu 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12. YouTube nao, ili ugawiwe hela ya matangazo ya video za kawaida, wanataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, na hata ukishakubaliwa hutumiwi kitu mpaka zifike dola 100. Miaka ya mwanzo Dogo alikula kwa shoo za visiwani na za minadani. Mtandao ulikuja kuongezea baadaye.

Lebo ilikuja. Kampuni moja ya Dar ilimpigia baada ya video ya shoo ya Ukerewe kusambaa, wakamwahidi nyumba, gari la kutembelea na video kali. Tulikaa na mkataba huo tukiusoma kipengele kwa kipengele, na mwanasheria mmoja wa hapa mjini akatusaidia. Rekodi zote zingekuwa zao, za zamani na zijazo. Akaunti yake ya YouTube wangeishika wao. Gharama za nyumba, gari na video zingekatwa kwenye mapato yake kabla hajapata senti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Wimbo wa mama na dagaa unaweza kuja kuwalisha wajukuu, na pale alikuwa anaambiwa auachie kwa gari la kutembelea. Alikataa kwa heshima, akawaomba wafanye naye kazi wimbo kwa wimbo. Hawakurudi.

Sisemi lebo zote ni mbaya, na wapo waliobebwa vizuri. Ninachosema ni kwamba Dogo aliweza kukataa kwa sababu wiki ile ile alikuwa na shoo tatu mkononi. Mtoto aliyeshuka stendi Dar na begi moja, analala kwa rafiki wa rafiki, mkataba ule angeusaini akiwa amesimama. Tofauti yao si kipaji, mkuu. Ni hao watu wa Nansio, Magu na Rwamgasa walio nyuma yake, wanaomjua kwa sura na watakaolipa kiingilio hata redio isipompiga.

Na Dar anaenda siku hizi. Anaitwa kwenye matamasha, anakutana na wachanaji wakubwa, anafanya kolabo, anajifunza. Ila makubaliano yanaandikwa kwanza, tiketi ya kwenda na kurudi inakatwa na aliyemwalika, na nusu ya malipo inaingia kwenye simu kabla hajafunga begi.