Gari mpya, roho haijatulia: yaliyonikuta na SUV yangu

Juzi usiku nimeingiziwa meseji na msomaji mmoja, nainukuu kama ilivyo: "Dada shikamoo. Nimechukua SUV ndogo mpya kabisa, leo wiki ya tatu. Kila mtu ananipongeza ila mi mwenyewe nikikaa ndani naona nimekosea. Inarusha, inakula mafuta, inalia lia. Naona aibu hata kumwambia mume wangu maana mi ndo niling'ang'ania." Nikacheka, halafu nikanyamaza, kwa sababu hiyo meseji ningeweza kuiandika mimi mwaka jana, tofauti ni kwamba mi sikuwa na mume wa kumwonea aibu, nilikuwa na kaka.

Marahaba mdogo wangu. Hujakosea. Au labda umekosea kidogo, ila sio pale unapodhani. Kaa nikusimulie.

Mimi hii gari niliisubiri miaka sita. Kabla yake nilikuwa na kigari cha mkono wa tatu ambacho mlango mmoja wa nyuma ulikuwa unafunguka kwa nje tu, na ndani kulikuwa na harufu ya mtu nisiyemjua, nilipiga sabuni, nilipiga limau, haikutoka. Nikajiapiza inayofuata itakuwa zero kilomita na harufu yake itakuwa ya kwangu. Nikataka SUV ndogo kama wengi wetu, iinuke kidogo, nione mbele, niingie bila kuinama na nitoke bila kushikiliwa mkono. Nikasoma miezi, nikaangalia video mpaka saa nane usiku, nikawa najua urefu wa buti za magari ambayo hata siyanunui.

Basi siku ya kukabidhiwa, jamani. Utepe mwekundu kwenye boneti, mpiga picha, maputo. Nilienda na kaka yangu kwa heshima tu. Yule kijana wa mauzo akanipa mkono mimi, halafu mdomo wote akaugeuzia kwa kaka. "Bosi, hii injini 1.5 tabo lakini usiidharau." "Bosi, rimu hizi za 19 ndo zinaipa sura." Kaka yangu hata leseni hana! Anatikisa kichwa tu, "eeh, eeh", na mimi niliyelipa mpaka senti ya mwisho nimesimama pembeni nimeshika maua. Ningesema kitu. Sikusema, sikutaka kuharibu siku yangu. Ikaletwa fomu ya ukaguzi, kurasa mbili za vibox, vyote vimeshawekwa tiki, upepo wa tairi tiki, funguo mbili tiki, kapeti za miguuni tiki. Kapeti hazikuwepo, akasema "zinakuja mama, saini tu". Nikasaini. Kameta ilikuwa inasoma kilomita 11.

Hiyo saini ndo iliyonitesa mwaka mzima, nitakwambia.

Wiki ya kwanza niliendesha kwa kiburi. Wiki ya pili mgongo ukaanza kuongea. Kila tuta, kila kiraka cha lami, gari inagonga kama toroli, meno yanakutana. Nikarudi kaunta ya sevisi, kaka wa pale kaunta akatabasamu, "ndo ilivyo mama, gari mpya shokapu bado ngumu, zitalainika zenyewe". Nikaamini. Wiki saba nzima nimeamini! Watu wakiniuliza "vipi chuma?" nasema "aah, siti kama kitanda", huku nimeweka mto mdogo kwenye kiuno. Huo uongo wangu ndo ulionichelewesha kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ukishamwambia kila mtu gari ni nzuri huwezi tena kumuuliza mtu mbona inagonga.

Aliyenitoa gizani ni kijana wa kuziba pancha. Nilisimama kwake kwa sababu nyingine kabisa, kuna msumari nilihisi nimeukanyaga (haukuwa msumari, ilikuwa kokoto imebana kwenye kashata za tairi). Akachukua geji yake kuukuu, kioo kimepasuka, akachomeka tairi ya kwanza, akaitoa, akaipuliza, akachomeka tena. Akaniangalia. Akaenda ya pili, ya tatu, ya nne, hasemi kitu. Halafu akafungua mlango wa dereva akainama pale chini kwenye nguzo, akanionyesha kile kistika ambacho nilikuwa nakipita kila siku. Kistika kinasema 33. Tairi zangu zilikuwa 46, 45, 47 na 46.

"Dada, hizi bado zina upepo wa melini."

Ndo nikajifunza siku ile. Gari mpya nyingi hujazwa upepo mwingi zinaposafirishwa, kwa sababu zinakaa zimefungwa wiki kadhaa sehemu moja, tairi ikiwa laini inaweza kulala upande. Ikifika inatakiwa kupunguzwa kabla hujakabidhiwa. Ile tiki kwenye fomu ilisema wamepunguza. Hawakugusa. Na taa ya upepo kwenye dashibodi yangu huwaka upepo ukipungua, ukizidi inakaa kimya kama haijui kitu. Yule kijana akabonyeza vali moja moja, psssss, psssss, nikapanda, nikarudi kwenye tuta lilelile nililolitukana asubuhi. Nikalivuka. Nikageuza nikalivuka tena. Nilisimamisha gari pembeni nikalia, sio kwa furaha, kwa hasira ya wiki saba na mto wa kiuno.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla hujanijibu chochote, kesho asubuhi kabla gari haijatembea, tairi zikiwa za baridi, pima upepo. Nenda na kile kistika cha mlangoni, usiende na mdomo wa mtu.

Sasa usidhani upepo ulimaliza yote. Rimu za 19 ni za 19, tairi yake ina ubavu mwembamba, mto wa hewa kati yako na shimo ni mdogo. Hapo hakuna wa kumlaumu, nilichagua mwenyewe kwa ajili ya picha. Leo ningechukua za 17 na nikaonekana mshamba kwa raha zangu. Na hizi SUV ndogo zenyewe tuzielewe. Tangu RAV4 ilipotoka mwaka 1994 mtindo ni uleule, juu umbo la gari la porini, chini ni mwili wa gari ndogo ya kawaida. Sisi tunanunua umbo, halafu tunalalamikia mwili.

Mafuta nayo. Tangazo lilisema lita 6.4 kwa kilomita 100. Dashibodi ikawa inaniambia 7.2. Nikapima mwenyewe kwa njia ya kizamani: jaza mpaka pampu ikate yenyewe, andika kameta, tembea, jaza tena pampu ileile mpaka ikate. Ikaingia lita 41.5, nilikuwa nimetembea kilomita 500 kamili, gawanya, zidisha kwa mia, 8.3. Nikarudia tanki tatu, hazikupishana sana. Nikataka kwenda kuwasha moto kule kaunta, ila nikajiuliza natembeaje. Kazini kwangu ni kilomita nne. Asubuhi nne, jioni nne, injini haijapata hata joto la kutosha nimeshazima. Zile namba za tangazo zinatoka kwenye kipimo kinachoitwa WLTP, Ulaya walianza nacho 2017, kinafanyika ndani ya maabara kwa nusu saa mfululizo. Hakifanani na mimi niliyekwama foleni na AC imewashwa. Na injini ndogo ya tabo ina tabia yake, ukiigusa kwa upole inakula kidogo, ukiikanyaga ili uonyeshe watu inakula kama kubwa. Mimi nilikuwa naonyesha watu, nakiri.

Kulia lia je? Yangu ina giaboksi ya CVT na nahisi na yako. Ile haina gia za kuhesabu moja mbili tatu, ni mkanda katikati ya puli mbili zinazopanuka na kubana, kwa hiyo ukikanyaga injini inapanda sauti na kubaki hukohuko juu kama blenda, gari inaongeza mwendo taratibu huku kelele haibadiliki. Sio ugonjwa. Ndo sauti yake na utaizoea au hutaizoea. Kwanini sikuisikia siku ya kuijaribu? Kwa sababu niliijaribu dakika kumi, redio imewashwa, na yule kijana pembeni anaongea bila koma. Nikipata mtu anaenda kununua siku hizi namwambia zima redio, mwambie muuzaji akae nyuma anyamaze, na tafuta mlima.

Hapa ndo nilichelewa kuelewa, kwamba kuna kitu kibovu na kuna kitu usichokipenda, na havilalamikiwi sehemu moja. J.D. Power ya Marekani wana utafiti wa kila mwaka tangu 1987, wanauliza wenye magari mapya matatizo ya siku 90 za kwanza, na wanahesabu vyote viwili, kilichoharibika na kile ambacho kizima ila kinakera kukitumia. Miaka ya karibuni mambo ya skrini ndo yanaongoza. Na kweli, simu yangu iligoma kuunganika na skrini mara ngapi? Kile king'ora cha kukuambia umetoka kwenye mstari, hata ukiwa unakwepa shimo, nilikizima siku ya tatu, ila kila nikiwasha gari kinarudi chenyewe. Kinakera, ila waranti haitibu kero.

Tairi ya spea sitaisemea sana maana bado naumia. Nilifunua sakafu ya buti usiku, tairi imechanwa ubavuni, nikakuta kichupa cha gundi na kipampu. Gundi ile haizibi ubavu. Niliita gari la kuvuta. Wewe kafunue buti lako leo.

Sasa kibovu. Mwezi wa tano nikaanza kusikia kijisauti, kri-kri-kri, karibu na nguzo ya kioo cha mbele upande wa dereva. Asubuhi kuna baridi kipo, mchana hakuna. Nikaenda, wakasema hawajakisikia. Nikaenda tena, hawajakisikia, na safari hii yule kaka wa kaunta akaniuliza "mume wako naye anakisikia?" Hebu ngoja ninywe maji.

Nimerudi.

Mara ya tatu nilienda saa moja asubuhi, na daftari. Tarehe, kilomita, hali ya hewa, mwendo, mistari kumi na tisa. Nilikirekodi kwenye simu. Nikakataa kuacha funguo kaunta, nikaomba fundi mwenyewe apande na mimi, akapanda binti mdogo tu ana ovaroli kubwa kuliko yeye, hatujamaliza mita mia tatu akaweka kiganja kwenye ile plastiki ya nguzo, sauti ikakata. Akatoa kiganja, ikarudi. Akanitazama akacheka. Klipu moja ya ndani ilikuwa haijashika vizuri tangu kiwandani. Dakika ishirini, bure, waranti. Na kabla sijaondoka nikahakikisha kwenye fomu yao kumeandikwa maneno yangu nilivyosema mimi, sio "imekaguliwa, iko sawa", na nikachukua nakala. Hizo safari mbili za mwanzo hazikuandikwa popote, yaani kwa karatasi zao mimi nilienda mara moja tu! Ndugu zangu, malalamiko ya mdomo ni maongezi. Waranti ikikaribia kuisha na tatizo likarudi, utakachoonyesha ni karatasi.

Na dada zangu mniwie radhi, hapa nitasema kwa sauti. Acheni kubeba kaka, shemeji na majirani kwenda kuwaongelea. Na ukibeba, mwambie akae kimya. Soma fomu. Soma fomu kabla ya maputo. Utepe utasubiri, mpiga picha analipwa, atasubiri. Chomeka simu yako, pima upepo, hesabu funguo, fungua buti, washa taa zote, halafu ndo ucheke na kamera. Niliyakosa haya kwa sababu nilikuwa na furaha, na sitaki mtu aniambie furaha ni mbaya, ila mtu mwenye furaha anasaini chochote.

Leo gari ina miezi kumi na nne na kilomita elfu kumi na moja na kitu. Naipenda? Naipenda. Asubuhi nikifungua mlango ile harufu bado ipo kidogo, mgongo hauumi, mto wa kiuno umeenda kwenye kochi. Ukiniuliza vipi chuma nakujibu ukweli sasa, nzuri, inakula 8.3, ina sauti ya blenda.

Kapeti sijapewa. Nimepiga tena Jumanne, yule dada wa mapokezi ameshanijua sauti, hata jina sijamaliza kutaja ananiambia "bado mama". Kwenye fomu yao zina tiki na saini yangu, wanasema kwa kumbukumbu zao nilishazichukua.