Re: Kifaa kimekuja na maneno 24 tayari, niyatumie?
Ndugu, kifaa cha kutunzia sarafu za kidijitali kama bitcoin kina maneno 24 ya siri ya kuzirejesha kikipotea au kuharibika; hayo uliyokuta yamechapishwa kwenye karatasi ndani ya boksi usiyatumie kabisa! Aliyeyachapa anayo nakala, na mwenye maneno ndiye mwenye mali. Kifaa salama huzalisha maneno chenyewe, unayasoma kwenye kioo chake kidogo na kuyaandika kwa mkono. Usiyapige picha, simu nyingi hupandisha picha mtandaoni bila kukuuliza.

Mimi kabla ya kuhamisha sarafu zote hutuma kidogo tu, nafuta kifaa, nakirejesha kwa maneno yale. Mara ya kwanza kikagoma: neno la 17 nililiandika sivyo. Jasho lilinitoka, ingawa zilikuwa hela za majaribio.

Hicho kirudishe, nunua kwa mtengenezaji mwenyewe. PIN weka yoyote, ila siyo mwaka wa kuzaliwa.