Mwenza, mwenzi au shoga?

Swali: Natafsiri makala kuhusu afya ya wazee wa Marekani wanaoishi na wenza wa jinsia moja, isomwe na wauguzi wa Unguja na Pemba. Nimeandika "wazee wa jinsia moja na wenza wao". Mwenzangu kazini anataka niweke "mashoga". Nani yuko sawa?

Jibu: Hakuna. Tuanze na "wazee". Visiwani mtu akisema "wazee wangu" mara nyingi anawataja baba na mama, na "wazee wa jinsia moja" muuguzi ataielewa kama wodi ya wanaume peke yao. Taja umri kama ulivyo kwenye makala, mathalan "watu wa miaka 65 na kuendelea", na "jinsia moja" uifungamanishe na wenzi, si na wazee.

"Mwenza" limezoeleka kwenye fomu za kliniki, hasa za VVU na uzazi. Lakini penye mitala, mke mwenza ni yule mnayechangia mume, na hali hiyo ndiyo ukewenza. Bibi wa Wete ukimuuliza hali ya mwenza wake, usishangae akikujibu habari za mke wa pili.

"Mwenzi" ni bora, ila lina mtego. Likiungana na "wake" linakuwa "mwenzake", na mwenzake ni yeyote, hata mgonjwa wa kitanda cha pili. (Wewe mwenyewe umeandika "mwenzangu kazini".) Kwa hiyo "mwenzake ndiye anayempa dawa za presha" haimfai msomaji. Usiyaunganishe: "mwenzi wake wa maisha".

"Mashoga" achana nalo. Wanawake wa Unguja huitana shoga kwa urafiki tu. Kwa mwanamme ni tusi, na wanawake wanaotajwa kwenye makala yako litawaacha nje.

Kazi kubwa iko kwenye ndoa. Marekani ndoa hizi zinatambuliwa nchi nzima tangu 2015, na kuwa ndani ya ndoa au nje yake hugusa bima na nani anaamua mgonjwa akizidiwa. Tofauti hiyo isipotee. "Ameoa" na "ameolewa" zinadai mume upande mmoja na mke upande wa pili, "wameoana" haidai. Wasio na ndoa andika "wanaishi pamoja bila ndoa", maana "kinyumba" lina harufu ya lawama. Aliyebaki peke yake ni "aliyefiwa na mwenzi". "Kizuka" usilitumie: ni mjane aliye ndani ya eda.